Asumini inayofika Nairobi ikiwa bado imefumba

Tumba la asumini lina saa zake. Huchumwa baada ya Alasiri, likiwa limejaa, jeupe, limefumba. Magharibi ikiingia linaanza kulegea, na ikifika Isha limefunguka lote na hata jirani wa nyumba ya tatu anajua kwamba kwenu kuna asumini. Kesho yake asubuhi limeshaingia rangi ya chai ya maziwa. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, ama Amu kama tunavyoiita wenyewe, mtaa wa Mkomani, na Nairobi nimeshapitisha miaka 26. Miaka yote hiyo nilishikilia kwamba asumini ni kitu cha kufuatwa nyumbani. Aliyekwenda harusini Amu ndiye aliyeivaa. Sisi wa huku tuliletewa halwa na achari.

Bibi mmoja wa Majengo, Pumwani, ndiye aliyenitoa katika imani hiyo. Ni mwaka na nusu sasa nanunua kwake, nimeona mazuri yake na mapungufu yake, kwa hivyo nina ya kusema.

Hana duka lenye bango. Anauzia chumba cha mbele cha nyumba anayokaa, na wateja wote wanamwita Bibi, basi na mimi hapa nitamwita hivyo hivyo. Ukifika Majengo uliza mwenye vikuba, vile vishada vya maua, hata watoto watakuonyesha mlango. Pumwani ni mtaa wa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, Waswahili wamekaa pale vizazi na vizazi, na mtu wa pwani akiingia vichochoro vile hajioni mgeni sana. Chumba ni kidogo. Kuna mkeka, friji moja inayonguruma, meza fupi yenye ungo juu yake, na ukutani misumari iliyotundikwa nyuzi tupu zinazosubiri maua. Harufu inakupokea kabla hujavua viatu: maua makavu ya mkadi, udi wa jana, na chini yake ubichi wa majani ya mgomba yaliyolowa. Mara ya kwanza nilisimama mlangoni nikakosa la kusema. Akaniambia kwa Kiamu, "Ndoo mwanangu, keti," yaani njoo. Nikajua niko kwa watu.

Wauza manukato Nairobi wako wengi, Eastleigh wamejaa na karibu na Msikiti wa Jamia wapo. Wao wanauza chupa. Bibi anauza maua yenyewe, tena yakiwa hai, na kazi kubwa iko hapo.

Asumini yake inatoka Mombasa, kwenye nyua za kina mama anaowajua, Kisauni na Mji wa Kale. Basi la usiku linakwenda kama saa nane mpaka Nairobi. Ukichuma tumba la leo, litafungukia ndani ya basi, Mtito Andei, gizani, pasipo mtu wa kulinusa. Kwa hivyo Bibi anawaagiza wachumaji wake wachume "tumba la kesho". Neno hilo nilikuwa sijalisikia, na nimekulia chini ya mwasumini. Akanionyesha matumba mawili kiganjani. La leo ni jeupe pepepe mpaka shingoni, na ukilibonyeza kidogo linakubali. La kesho ni jembamba zaidi, gumu, na pale linaposhikana na kikonyo lina ukijani wa mbali ambao huuoni mpaka ulielekeze kwenye mwanga. Anayechuma bila kuangalia shingo, anasema Bibi, ameharibu kikapu kizima, maana moja likitangulia kufunguka mengine yanalifuata.

Yakishachumwa hufungwa kwenye kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, juu yake jani la mgomba, kisha sanduku lenye barafu chini na magazeti katikati. Barafu ikiyagusa yanageuka meusi. Mifuko ya plastiki hakuitumia hata kabla Kenya haijaipiga marufuku mwaka 2017, kwa sababu ua likitoa jasho ndani ya plastiki linaoza likiwa limefumba. Alfajiri sanduku liko ofisi ya basi, saa moja asubuhi liko Majengo, na kuanzia hapo baridi ya Nairobi inalilaza tumba mpaka jioni. Usiku, kichwani mwa mwanamke wa South C au Pangani, linafunguka kana kwamba halikutoka uani kwao.

Koja la asumini, yaani maua yaliyotungwa kwenye uzi, mtu yeyote mwenye subira atalitunga. Kikuba ndicho kinachoonyesha mkono wa mtu. Kwa asiyekijua: ni kishada kidogo cha maua na majani yenye harufu, hubandikwa kifuani kwa pini au kuchomekwa kwenye nywele, na visiwani kwetu harusi isiyokuwa na vikuba ina walakini. Siku moja nilikaa mkekani nikamtazama Bibi akifunga kimoja mwanzo hadi mwisho. Alianza na mkadi. Ua la mkadi linakuja limefumbatwa na majani marefu meupe yenye miiba pembeni. Miiba aliiondoa kwa wembe, taratibu, upande mmoja halafu wa pili, kisha akalichana jani vipande vya upana wa kidole. Vitatu akavikunja vikakaa kama kipepeo kidogo cha mkono. Katikati akaweka kijiti cha rehani chenye vichwa vyake, maana majani matupu ya rehani hayana nguvu. Kilua, ua jingine lenye harufu, kikipatikana anatia viwili, na kisipopatikana anakwambia, hafichi. Matumba ya asumini akayazungusha nje, tisa, vikonyo vikiingia ndani. Juu akaweka majani mawili ya waridi. Akafunga kwa uzi uliochunwa kwenye gogo la mgomba, kwa sababu uzi wa cherehani unakata vikonyo. Mwisho akachovya ncha za vidole kwenye marashi akakirashia mara moja tu.

Sasa kivae uone. Dakika ile unapokibandika inayokuja ni rehani, kali na ya kijani. Ikifika Isha asumini imeifunika. Asubuhi asumini imekufa, rehani imenyauka, na mkadi ndio kwanza unaanza. Kikuba changu cha kwanza nilikitia kabatini katikati ya nguo, na wiki tatu baadaye karani mwenzangu kazini aliniuliza nimejipaka nini. Sikuwa nimejipaka chochote. Ilikuwa blauzi.

Kazi hii ina ukoo mrefu. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alipomwachia binti yake wosia kwa utendi mwaka 1858, alimhimiza aoge, ajisinge, afunge nywele zake, atunge asumini na kuiweka kitandani. Bibi anazijua beti zile kwa moyo na anazitia sauti mikono ikiwa kazini. Na si Pate peke yake. Mji wa Kale wa Amu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni wanaokuja kuutazama wanapiga picha milango ya nakshi. Mimi nikikumbuka nyumba zile za mawe nakumbuka nyua zake za ndani, penye kisima na mwasumini, na nyanya yangu akituzuia tusichume kabla ya Alasiri.

Nieleze usiku uliofanya niandike haya. Julai iliyopita mtoto wa dada yangu alitiwa hina nyumbani kwangu. Nilikuwa na uchungu wa zamani. Miaka mitatu kabla, katika harusi ya binti wa kaka yangu, tulimlipa mpambaji mmoja wa mjini shilingi 45,000 kwa kile alichokiita mapambo ya Kiswahili. Akaleta makoja ya asumini ya plastiki, ameyapulizia manukato ya mkebe. Shangazi yangu, aliyesafiri siku mbili kutoka Amu, alichukua koja moja akalinusa, akalirudisha mezani polepole, akafuta vidole kwenye leso. Hakusema neno usiku kucha. Bwana harusi na jamaa zake walifurahi na picha zilitoka vizuri, lakini mimi nilijua tumemvunjia heshima mzee wetu, na jambo hilo lilinikaa.

Basi safari hii nilimwagiza Bibi vikuba 60, makoja 12, asumini ya kumwaga kitandani kwa biharusi, hina na udi. Sanduku lilifika salama. Saa kumi jioni vikuba vyote viko nyumbani, vimepangwa kwenye sinia mbili, vizuri kuliko nilivyotarajia. Ikaingia Magharibi. Ikapita. Saa mbili kasoro matumba bado yamefumba, magumu kama mchele. Julai ya Nairobi mnaijua. Nilimpigia simu Bibi, sauti yangu naijua ilikuwaje.

"Usiyatilie maji," akaniambia. "Yatie kapuni, yafinike leso kavu, yaweke karibu na chetezo, si juu yake. Nyumba yenu ina baridi. Yanangoja joto."

Nikafanya alivyosema, kapu kando ya chetezo chetu cha kufukizia udi. Nusu saa haikutimia. Kina mama walikuwa wameshaanza vugo, zile pembe zinapigwa kwa vijiti, na sauti ya pembe kumi ndani ya sebule ya South C inagonga kifuani. Dada yangu akafunua leso. Yalikuwa yamefunguka yote, na harufu ile ikapanda na moshi wa udi ikajaza nyumba, wale waliokuwa jikoni wakaja mbio bila kuitwa. Mlinzi wa jengo alipanda kuuliza kuna nini, akapewa sahani ya kaimati, akashuka nayo. Shangazi yule yule alichukua kikuba, akakinusa, akajibandika. Halafu akaomba cha pili ampelekee mwenzake aliyebaki Amu anayeumwa miguu. Nikamwambia, shangazi, siku mbili njiani, hakitafika kikiwa hai. Akanijibu, "Mkadi utafika."

Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kumpendekeza Bibi. Mpambaji alinipa kitu kinachofanana na asumini kikiwa kimetundikwa. Bibi alikuwa ameshahesabu saa ya kila ua tangu Kisauni, na hesabu ilipokataa kwa ajili ya baridi ya huku, alikuwa upande wa pili wa simu akijua la kufanya.

Bidhaa nyingine hazilingani, na nitasema ukweli wake.

Udi wake ni mzuri. Anaukaanga mwenyewe, vipande vya udi na sukari na marashi na mafuta anayoyajua yeye, mpaka sukari ishike. Kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba kinatosha sebule na vyumba viwili. Mwezi wa pili alinipa kopo ambalo sukari ilizidi, likichomwa linatoa moshi mchungu wa sukari iliyoungua. Nilimrudishia. Alichoma kidogo mbele yangu, akatikisa kichwa, akanipa kopo jingine bila kujadiliana.

Hina yake ni majani matupu, yamesagwa na kuchujwa kwa kitambaa chepesi mara mbili, inakandwa kwa ndimu na kulazwa. Rangi inatoka nyekundu ya damu ya mzee siku ya pili. Ile hina nyeusi inayotiwa rangi ya nywele hataki hata kuisikia, na wasichana wengine wanaondoka wamenuna. Namuunga mkono kabisa. Rangi ya nywele ina kemikali inayoweza kuchoma ngozi ikavimba malengelenge na kuacha kovu, na nimeona mikono ya biharusi iliyofungwa bendeji siku ya harusi yake. Mwenye binti na asikilize.

Singo, ule unga wa manukato wa kujisugulia mwilini, sikuipenda. Liwa na karafuu hazikusagwa zikalainika, na binti yangu alipojisinga ilimkwaruza mabegani. Kwa singo mimi bado naagiza kwa mtu Mombasa. Vyetezo pia achana navyo: anavyouza vimetiwa rangi za kumetameta, na changu kilipasuka mara ya tatu kutiwa makaa. Tafuta cha udongo mtupu, kizito, kisicho na urembo.

Ukienda, nenda Alhamisi saa nne au saa tano asubuhi, sanduku likiwa limeshafunguliwa. Mtu anakwenda kuchukua koja moja akatoka baada ya saa mbili, kwa sababu watu wa visiwa vyote wanakutania pale. Nilimkuta mama wa Kingazija, mtu wa Komoro, aliyekuwa akijitayarisha kusafiri kwenda harusi kubwa ya kaka yake, ile wanayoiita anda, ambayo mtu huiwekea akiba miaka na miaka kwa dhahabu na karamu za kijiji kizima. Alikuwa anataka mlangilangi. Bibi hakuwa nao. Yule mama akatueleza kwamba kwao mlangilangi huchumwa alfajiri, kabla jua halijapanda, ukapelekwa kukenekwa mafuta, na Komoro wanauza mafuta hayo dunia nzima. Ua la alfajiri na ua la Alasiri. Tukakaa tukilinganisha. Mpemba mmoja, mume wa mteja, amesimama mlangoni na viatu vyake, akasema karafuu nayo ni tumba: ikifunguka mtini imeshapoteza thamani, ndiyo maana msimu ukifika Pemba kila mtu yuko juu ya mkarafuu, na mikeka ya kuanikia imejaa barabarani. Nimekula karafuu maisha yangu yote, katika pilau na chai, na sikuwahi kufikiri kwamba natafuna ua lililozuiwa lisifunguke.

Kuna pia binti wa Makunduchi, Unguja, anafanya kazi hospitali, ambaye huagiza makoja kila Julai ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya kwao, asipopata ruhusa ya kwenda. Kule wanaume hupigana kwa mapande ya migomba mpaka hasira za mwaka ziishe, kibanda kinachomwa moto, na wanawake wanaimba wamevaa kanga mpya. Yeye huvaa koja lake zamu ya usiku, chini ya kilemba. Bibi humtolea bei ya nusu. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ndio mwezi wake mzito. Kwetu Amu Maulidi ni sikukuu ya mji mzima. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akahamia Amu karne ya 19, ndiye aliyeipa nguvu pale Msikiti Riyadha, Langoni, Maulidi ya Habib Ali al-Habshi wa Hadhramaut, inayosomwa kwa matari. Mpaka leo watu wanamiminika kutoka pwani yote na visiwani. Wazee wanacheza goma na bakora zao, zefe inapita, kuna mashindano ya mashua na ya punda. Sisi ambao kazi haituruhusu kwenda tunasoma majumbani. Kwangu husoma kina mama, na inapofika kusimama mmoja anapita na mrashi akiwanyunyizia watu marashi na mwingine anapita na chetezo, na kila aliyesimama ana kikuba kifuani. Asumini ndiyo inayosikika zaidi wakati ule, watu wakiwa wameshikana bega kwa bega na nyumba imepata joto.

Mwaka jana asumini ya Maulidi yangu haikufika. Ajali ilifunga barabara ya Mombasa, basi likakaa njiani saa 14, barafu ikayeyuka, maji yakaingia kwenye kitambaa. Bibi ndiye aliyenipigia, sikumpigia mimi. Aliniambia hali ilivyo, akanirudishia pesa zote kwa M-Pesa kabla ya Adhuhuri, na saa tisa boda boda akabisha mlangoni na vikuba 40 vya mkadi na rehani, bila asumini, bila malipo. Niliposisitiza kulipa alikataa. Alisema asumini niliyoagiza sikuipata, na hivyo nilivyoletewa si bidhaa, ni sadaka yake ya Maulidi. Nimefanya biashara na watu wengi mjini hapa, na pesa ya kurudishiwa huwa naiomba mara tatu.

Ningemshauri jambo moja, na nimeshamwambia uso kwa uso: afundishe mtu. Anafanya kazi na mjukuu anayepokea sanduku na kujibu ujumbe wa WhatsApp, lakini kufunga anafunga mwenyewe, na mwezi wa harusi nyingi anakesha. Mwaka jana mwishoni vikuba vya oda moja vilitoka na rehani isiyotosha, na nilijua mkono ulikuwa umechoka. Binti yangu, aliyezaliwa Nairobi na anayeandika Kiswahili cha shule, ameomba aende Jumatano jioni kumsaidia kuondoa miiba ya mkadi. Wiki ya kwanza alirudi na vidole vimechanika. Wiki ya pili alikwenda tena.

Bei nilizolipa mimi: kikuba shilingi 150, na ukiagiza zaidi ya 30 ni 120. Koja la asumini 350. Asumini ya kumwaga kitandani 1,200, inatosha kitanda kikubwa na mito. Kopo la udi 800. Si rahisi, na mtu atasema maua ya usiku mmoja. Lakini ukihesabu mchumaji wa Kisauni, barafu, basi, boda boda na kukesha, utaona faida yenyewe si kubwa.

Agiza kabla ya Jumanne usiku kwa asumini ya Alhamisi. Ukitaka siku nyingine sema wiki moja mbele. Nenda na kikapu cha ukindu ama cha waya, weka leso chini. Usitie maua kwenye friji penye nyama au vitunguu, yatachukua harufu hiyo na hutayatoa. Julai na Agosti washa chetezo mapema. Na ukifika ukamkuta anafunga, usimsemeshe mpaka amalize fundo.

Mimi oda yangu ya Mfungo Sita nimeshaitia. Vikuba 80, cha shangazi kimoja juu, cha mkadi mtupu.